Safari isiyo na tiketi: lifti ya barabarani inavyofanya kazi

Simama njia panda ya Chalinze saa nne usiku utaona biashara tatu zikienda kwa jina moja. Mama mmoja anapanda gari la mtu wanayefahamiana kazini, hatoi hata senti. Vijana wawili wenye mabegi wanapatana bei na utingo wa lori la kontena. Na pembeni kidogo ya taa, Noah isiyo na namba ya kawaida inajaza watu wa Mbeya, mmoja mmoja, haraka haraka. Wote hao wakipiga simu nyumbani watasema neno lilelile: "Nimepata lifti."

Kwa Wazungu, lifti ni dole gumba barabarani na safari ya bure. Kwetu, lifti ya mtu usiyemjua mara nyingi hulipiwa, hata kama malipo yanaitwa hela ya chai, hela ya maji au kumtoa dereva. Kwa hiyo tofauti kati yake na basi si kwamba hii ni bure na lile linalipiwa. Tofauti iko kwenye karatasi. Tiketi ya basi ina jina lako, namba ya gari, tarehe na mahali unakokwenda. Ni ushahidi kwamba ulikuwa ndani ya gari lile, siku ile. Ukipanda lifti, anayejua kwamba upo ni dereva peke yake. Unafuu wa lifti unaanzia hapo, na shida zake karibu zote zinaanzia hapohapo.

Kwa nini watu hawaiachi

Bei ndiyo sababu inayotajwa kwanza, lakini si kubwa kuliko zote. Lori lina nafasi kwenye kabini, dizeli imeshalipwa na tajiri, kwa hiyo chochote utakachompa dereva ni faida yake. Ndiyo maana bei hushuka chini ya nauli ya basi, na hushuka zaidi kadiri dereva anavyotaka mtu wa kuzungumza naye.

Sababu ya pili ni njia. Mabasi yanakwenda kunakojaa watu. Malori yanakwenda kwenye machimbo, mashamba makubwa, viwanda vya mbao, kambi za ujenzi wa barabara. Kwa miaka mingi, kabla lami haijafika, msafiri wa kutoka Isiolo kwenda Marsabit na Moyale, kaskazini mwa Kenya, alipanda juu ya lori la bidhaa au la ng'ombe kwa sababu usafiri mwingine ulikuwa haba mno. Huko lifti haikuwa ujanja wa kubana pesa. Ndiyo ilikuwa usafiri wenyewe.

Ya tatu ni saa. Tanzania iliwazuia mabasi kusafiri usiku kucha kwa miongo kadhaa, hadi mwaka 2023 yaliporuhusiwa tena. Katika miaka yote hiyo mwenye msiba saa mbili usiku alikuwa na njia moja: kwenda barabarani. Ruhusa imerudi, lakini mazoea ya kwenda kusimama Mbezi, Kibaha au Msamvu hayajafutika.

Halafu kuna raha yenyewe. Kabini ya lori iko juu, kioo ni kipana, na gari linakwenda taratibu kiasi cha kuiona nchi. Kwenye bonde la mibuyu, karibu na Ruaha Mbuyuni, ukiwa kwenye basi unaona vigogo tu. Ukiwa kwenye lori unaona matawi, na hapo chini vitunguu vyekundu vimepangwa kwenye ndoo kando ya lami. Ukishapanda Kitonga na kutokea Ilula, bidhaa inageuka kuwa nyanya. Dereva wa njia hiyo anajua ni mama ntilie gani ana maharage yaliyoungwa vizuri na ni nani anayaongeza maji, na elimu hiyo haiuzwi kituo cha mabasi.

Ila asidanganyike mtu kuhusu muda. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Lori lenye mzigo, ukichanganya milima, mizani na mapumziko, ni safari ya siku mbili au zaidi. Basi linaimaliza ndani ya siku moja. Mwenye haraka hana sababu ya kupanda lori.

Wapi pa kusimama, na namna ya kuomba

Wageni husimama kwenye barabara iliyonyooka na kuinua mkono. Hapo ndipo wanapokosea. Lori la mzigo kamili linaweza kufikia tani 56, ambao ndio ukomo wa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa malori makubwa yenye ekseli nyingi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kiwango cha juu cha gari zito Tanzania, linatembea mita 22 kila sekunde. Dereva akikuona, akaamua, akakanyaga breki bila kuusukuma mzigo, atasimama mita 150 hadi 200 mbele yako. Kisha aanze upya kupandisha gia moja baada ya nyingine, anachoma dizeli ambayo ofisini wanaipima. Na malori mengi ya kampuni siku hizi yana kifaa cha kufuatilia gari: kusimama dakika tatu porini kunaonekana kwenye skrini, na dereva ataulizwa.

Kwa hiyo mjuzi halisimamishi lori. Anakwenda lilikosimama tayari. Sheli kubwa, maegesho ya kulala malori, vibanda vya chakula, na upande wa kutokea wa mizani: Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, Mpemba. Kwa Kenya, Mariakani, Mlolongo, Gilgil na Webuye. Usisubiri ndani ya mizani wala mbele ya trafiki, kwa sababu hapo hakuna dereva atakayekubali kuonekana anakupakia. Songa mbele mita mia kadhaa, mahali ambapo gari bado liko gia ndogo na bega la barabara ni pana. Tuta la kuingilia kijijini nalo linafaa, ilimradi usisimame kwenye kona.

Njia panda zina faida yake. Msamvu, Morogoro, inatenganisha wa Dodoma na wa Iringa. Makambako inatenganisha wa Njombe na Songea na wa Mbeya. Uyole ndipo wa Tukuyu na mpaka wa Malawi wanapoacha barabara kuu. Simama baada ya njia panda, upande wa unakokwenda, ili kila gari linalopita liwe lako.

Kwa gari dogo linalopita, mkono unanyooshwa mbele, kiganja kikitazama chini, unapepewa taratibu. Dole gumba kwetu ni salamu ya "poa", na dereva atakujibu kwa honi aende zake.

Saa nzuri ni alfajiri, kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi saa mbili asubuhi. Malori yaliyolala maegeshoni yanaondoka, madereva wametoka kulala, na una siku nzima mbele yako kama mambo yatakwenda kombo. Kuanza kutafuta lifti saa kumi jioni ni kujipangia kukwama gizani mahali usipopachagua.

Maombi yenyewe yana mpangilio. Salamu kwanza. Dereva mtu mzima anapewa shikamoo yake, wa rika lako ni kaka au suka. Kisha muulize anakokwenda kabla hujasema unakokwenda wewe:

"Za safari, kaka?"

"Nzuri tu."

"Unakata wapi, Dodoma au Iringa?"

"Iringa. Nalala Mafinga."

"Mimi nafika Makambako. Tunaelewanaje?"

Ukianza wewe kutaja mji, hata anayekwenda kwingine anaweza kukujibu "panda, ndiko niendako", na hutajua kama ni kweli. Ukimuuliza yeye kwanza, jibu lake ni lake. Zungumza na dereva mwenyewe, si utingo peke yake. Bei ya utingo ina tabia ya kuzaliwa upya mnapofika.

Elewaneni mambo matatu kabla ya kufunga mlango. Kiasi cha pesa, mahali hasa pa kushuka, na atalala wapi. Hili la tatu ndilo linalosahaulika. Dereva wa mfano huu analala Mafinga kwenye kitanda chake cha kabini, sasa wewe utalala wapi? Kama jibu ni gesti, ongeza bei ya chumba kwenye hesabu, uone kama basi bado ni ghali. Pesa hutolewa mwisho wa safari. Akidai mafuta yameisha, mpe sehemu, yote usitoe.

Soma gari kwanza, sura ya dereva baadaye

Watu hujivunia kuwa na jicho la kumjua mtu mbaya. Jicho hilo halina rekodi nzuri, na kwa vyovyote anayekuua barabarani kwa kawaida ni mtu mwema aliyechoka. Gari, kwa upande mwingine, halijui kujifanya.

Anza na namba. Tanzania, kibao cha njano ni gari binafsi, cheupe ni la biashara. Noah au Probox yenye kibao cha njano inayoita abiria ndiyo ile ambayo baadhi ya mikoa huiita mchomoko: inabeba watu kwa malipo bila leseni, na kwa kuwa inajificha, inakimbia.

Zunguka mara moja kama unayetafuta pa kuweka begi. Tairi lenye kipara au lililochanika ubavuni linaonekana kwa sekunde mbili. Pembeni ya tairi kuna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2314, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Angalia kama taa za nyuma za tela na viakisi vipo, kama turubai limefungwa. Sikiliza pia: mlio wa upepo unaovuja mfululizo lori likiwa limesimama ni mfumo wa breki unaopoteza hewa.

Gari la kukataa bila mjadala ni lori la mafuta. Lina kibao cha rangi ya chungwa chenye namba: 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli. Tarehe 10 Agosti 2019, karibu na Msamvu, lori la petroli lilipinduka na kuwaka moto watu wakichota mafuta, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Miaka kumi kabla, Januari 2009, jambo lilelile lilitokea Sachang'wan, Kenya, na waliokufa huko nao walizidi 100. Ukikuta tanki limeanguka, unakimbilia upande upepo unakotokea, mbali, na simu unaiacha mfukoni.

Linalofuata kwa ubaya ni gari la IT, ingawa ndilo lenye kiti laini kuliko vyote. Hili ni gari lililoshushwa bandarini Dar es Salaam likipelekwa Zambia, Kongo, Malawi au Rwanda. Linaruhusiwa kupita tu, halina ruhusa ya kubeba abiria. Tairi zake zimekaa melini na yadini muda mrefu, hakuna anayejua zina hali gani. Dereva hajawahi kuliendesha kabla ya jana, hajui breki zake zinashika wapi. Na akiwa analipwa kwa kila gari analofikisha, kulala ni hasara. Weka pamoja tairi la zamani, breki ngeni na mtu asiyetaka kulala, halafu fikiria saa tisa usiku.

Kupanda nyuma ya pikapu au juu ya mzigo wa Fuso kuna hatari zake. Mzigo huwa unatembea. Gunia la mahindi linateleza kidogo, lakini mabomba, nondo na mbao vikipata breki ya ghafla vinakwenda mbele vyote kwa pamoja, na aliyekaa kati ya mzigo na kabini ndiye anayekuwa ukuta.

Kiti

Kabini ya lori ina viti viwili na kitanda nyuma yake. Kiti cha pili ni cha utingo. Mgeni anakaribishwa kitandani, na kitandani mara nyingi hakuna mkanda. Kuna njia rahisi ya kuelewa maana yake. Mwili uliokuwa ukienda kilomita 80 kwa saa, gari likisimama ghafla, unagonga kilicho mbele yake kwa nguvu ileile ya kudondoka kutoka urefu wa mita 25. Hiyo ni takriban ghorofa ya nane. Hakuna mtu anayekaa dirishani ghorofa ya nane akasema nitajishika.

Kama utingo ana roho nzuri, omba kiti chake na mkanda, yeye akapumzike nyuma. Wengi hukubali usiku, kwa sababu na wao wamechoka. Ikishindikana, kaa kitandani huku mgongo umeegemea ukuta wa nyuma, usilale kichwa kikielekea kioo cha mbele. Hilo linapunguza madhara, halikulindi.

Usingizi na mteremko

Mambo haya mawili yana mlio na dalili. Mtu akisinzia sekunde tatu kwa mwendo wa 80, gari limetembea mita 67 bila dereva. Hatari inakuwa kubwa kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi, wakati mwili unataka kulala hata kama mtu alilala mchana. Utaona anafungua dirisha bila joto, anajipigapiga paja, anafuata mstari wa pembeni kisha anarudi kwa mshtuko, anakosa kubadili gia pale alipokuwa akibadili. Mwingine anatafuna mirungi, ambayo Kenya ni halali kwa jina la miraa na Tanzania ni dawa ya kulevya. Mirungi inamfanya awe macho hadi inapoisha nguvu, kisha inamwangusha.

Swali la kumuuliza kabla ya kupanda ni dogo: "Jana umelala wapi?" Anayetaja mji na saa, panda. Anayecheka, mwache aende. Mkiwa njiani, ongea naye, mwombe chai, mwambie unaumwa na kichwa unahitaji dawa dukani. "Kaka, naomba kuchimba dawa", yaani kujisaidia, ni sentensi inayosimamisha gari lolote bila kumwaibisha dereva, na ukishakuwa chini uamuzi ni wako.

Mteremko una somo lake. Anayetoka Iringa kwenda Dar anaishuka Kitonga. Kwa lori zito, kinacholishikilia kwenye mteremko ni injini: gia ndogo, mwendo mdogo, breki zinaguswa kwa vipindi. Dereva anayetaka kuokoa dizeli anaitoa gia na kuliacha gari litelemke lenyewe, wanaita kupiga free. Hapo injini haishikilii tena chochote, na uzito wote unabebwa na breki. Breki zikisuguliwa mfululizo zinapata moto, zikipata moto sana haziumi tena hata ukikanyaga hadi chini. Ndiyo sababu mojawapo iliyolipa eneo la Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, jina baya kwa miaka mingi.

Abiria anaweza kulijua hili kwa sikio. Kwenye mteremko injini ya lori inapaswa kunguruma. Ukisikia kimya huku miti inaongeza kasi dirishani, gia imetolewa. Harufu ya kitu kinachoungua ikiingia kabini, breki zimeshaanza kuchoka. Mwambie dereva, kwa adabu lakini mara moja, kwamba huna haraka ya kufika.

Bima inapokuacha

Kumpa mtu lifti bure si kosa. Kutoza nauli bila leseni ya kubeba abiria ni kosa, na Tanzania leseni hizo hutolewa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Lori lina leseni ya mizigo. Gari binafsi halina kabisa. Ndiyo maana ukifika karibu na kizuizi utaambiwa, "Ukiulizwa, sema mimi ni shemeji yako."

Ushemeji huo una gharama. Bima ya gari binafsi, iwe bima ndogo au kubwa, huandikwa kwa matumizi binafsi, na kwa kawaida inaondoa matumizi ya kubeba watu kwa malipo. Ajali ikitokea, ukasema ulilipa, kampuni ya bima ina mlango wa kukataa. Ukisema hukulipa, umesema uongo kwenye maelezo ya polisi. Na bima ndogo kimsingi inawalinda watu wa nje ya gari, kwa hiyo aliye ndani kama mgeni wa dereva anaweza kubaki mikono mitupu. Kabla ya safari ndefu unaweza kuhakiki stika ya bima kwa namba ya gari kwenye mfumo wa mtandaoni wa TIRA, mamlaka ya bima. Hautakwambia kama utalipwa, utakwambia kama bima ipo.

Ukiumia, hata kidogo, nenda polisi uchukue fomu ya PF3 kabla dereva hajakubembeleza mmalize nyumbani. Bila hiyo huna pa kuanzia.

Watu

Hofu ya kuibiwa na kudhuriwa si ya kupuuzwa, na kwa mwanamke anayesafiri peke yake ni kubwa zaidi. Aina ya kawaida ni ile inayoanza kwa upole: bei nafuu mno, kisha usiku unaingia, kisha "tutalala hapa, chumba ni kimoja". Dawa yake ni kuifunga mapema. Usafiri uishe kukiwa bado kweupe, na mahali pa kushuka pawe mjini, penye taa na bodaboda. Jaribu kitasa cha ndani cha mlango kabla gari halijaondoka. Kisipofunguka, shuka. Kama una nafasi ya kuchagua, gari lenye mama na watoto ndani ni bora kuliko gari zuri.

Begi la thamani linakaa mapajani, halikai buti. Kama kuna la buti, mlango wako ubaki wazi mpaka begi liwe chini. Ukipewa kitu kilichofunguliwa na mtu mwingine, soda, biskuti, maji, sema umefunga. Na kifurushi cha mtu usikishike hata kwa dakika moja mbele ya kizuizi.

Dereva naye ana hofu yake, na ukiijua utaelewa kwa nini amekupita. Barabara ya kusini hutumiwa na wasafirishaji wa wahamiaji wanaopelekwa Zambia na mbele zaidi, na dereva anayekutwa nao anashtakiwa na gari linashikiliwa. Wanaume wanne wasioongea, bila mizigo, saa sita usiku, hawatapata lifti ya mtu mwenye akili. Kitambulisho cha NIDA mkononi na maneno mawili ya Kiswahili cha nyumbani hufungua mlango kuliko noti.

Kujitengenezea tiketi

Kwa kuwa tatizo ni karatasi isiyokuwepo, iandike mwenyewe. Piga picha namba ya gari kabla ya kupanda, ya kichwa na ya tela pia, maana hutofautiana. Mtumie mtu wa nyumbani pamoja na saa, mahali na unakokwenda. Kisha mpigie simu dereva akisikia: "Nimeshapanda, niko na kaka mmoja wa lori la saruji, nimekutumia namba." Hilo si tusi. Dereva mwema halimsumbui, na yule mwingine amesikia alichopaswa kusikia.

Lipa kwa simu kama inawezekana. Ujumbe wa muamala una jina alilosajili laini, kiasi, tarehe na saa. Ni risiti ya safari ambayo haikuwa na risiti, na wanaokataa kabisa kulipwa kwa simu wanafaa kufikiriwa mara mbili.

Nchi zilizowahi kuipa lifti heshima zilifanya jambo hilihili kwa ukubwa. Poland, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, ilitoa vijitabu kwa waomba lifti. Dereva alipewa kuponi kulingana na kilomita, na mwisho wa msimu waliokusanya nyingi walishindania zawadi. Abiria aliandikishwa, dereva alikuwa na sababu ya kusimama. Cuba, mafuta yalipoadimika miaka ya 1990, serikali iliweka watu wenye sare za njano barabarani, wakayasimamisha magari ya umma na kupanga abiria kwa foleni. Huko Washington, kuanzia miaka ya 1970, wafanyakazi walipanga mistari ya kupanda magari ya watu wasiowajua, kwa sababu njia ya haraka ilitaka gari liwe na watu wanne, baadaye watatu. Hakuna pesa inayotolewa, na macho ya foleni nzima yanaona nani kapanda gari gani. Sisi tumebaki na picha ya namba kwenye WhatsApp.

Mnapokwama

Gari likiharibika, usibaki ndani. Matawi yaliyotandazwa barabarani yanamwambia kila dereva wa ukanda huu kwamba mbele kuna gari bovu, lakini usiku matawi hayang'ai. Lori lililokufa gizani bila viakisi hugongwa na linalofuata. Shuka upande usio na magari, panda juu ya bega la barabara, simama nyuma ya gari kwa umbali na nje ya lami. Matawi ya kwanza yawekwe angalau mita 100 nyuma, na kama mmekwama baada ya kona, yaanzie kabla ya kona. Isipokuwa Mikumi: barabara inapita kilomita 50 ndani ya hifadhi, na hapo unabaki kwenye kabini, mlango umefungwa, mpaka mtu wa hifadhi au lori jingine lifike. Kwa sababu hiyohiyo usikubali kushushwa ndani ya hifadhi, hata kama dereva anasema geti liko karibu.

Na kama safari ni ya kuvuka nchi, shuka Tunduma kabla ya foleni ya malori. Foleni hiyo inaweza kula siku kadhaa, na mtu asiyegongewa muhuri aliyekutwa kwenye kabini upande wa Nakonde, Zambia, si abiria tena, ni mhamiaji aliyefichwa. Vuka kwa miguu na pasipoti yako mkononi, kula upande wa pili, kisha tafuta lori jingine ambalo limeshamaliza forodha. Dereva wake ataanza na swali lilelile la pesa, safari hii kwa kwacha.